Kadi Ambayo Hakuna Aliyeiomba

Mjukuu wangu Akinyi,

Mpaka leo nasikia kadi ikichakarika mikononi mwa mjane. Nitakueleza. Kwanza salamu, mama yako amemaliza kuvuna, na sote tuko wazima. Unaniuliza, mimi dada mdogo wa babu yako, nyanya niliyekuzidi miaka saba tu, utampaje mtu ushindi sasa kwa kuwa umekuwa mwamuzi wa midahalo shuleni.

Kwenye mazishi ya kaka yetu Okoth, huko Bondo, babu yako alishika kipaza sauti. "Ndugu yangu amekufa bila hata kidonge! Mke wake alimtazama tu!" Sauti ilipanda, ikashuka, ikakatika palepale ilipotakiwa kukatika. Watu walilia. Mimi pia.

Kisha Atieno, mjane wa Okoth, akasimama na kadi ya hospitali, akanong'ona.

"Ongea, Mama! Ama umemeza ulimi?" mtu akamkejeli.

Tukacheka. Hakuna aliyeomba kuiona ile kadi, hata mimi niliyekuwa bingwa wa midahalo. Mwezi haukuisha, ukoo ukamfukuza Atieno nyumbani kwake, yeye na watoto wake.

Majuzi nilimkuta sokoni Kondele akiuza omena, wale dagaa wa ziwani. Nikamwomba ile kadi. Mihuri ya kila wiki, na kila mara aliyemleta mgonjwa hospitalini ni yeye. Babu yako hajaandikwa popote.

Jumatatu nilikwenda kwa chifu. Nimeandika nilichosoma, ili Atieno arudishiwe nyumba yake, na nimeandika pia kwamba siku ile nilicheka. Babu yako hanisalimii tena.

Nyanya yako,
Achieng