Baba Kaambukizwa Bandani

Wanangu,

Nimempeleka baba yenu zahanati. Juzi si alilala bandani akimuuguza yule nguruwe jike mwenye mafua? Basi leo asubuhi yule anakohoa kule, huyu anamjibu huku. Daktari wa mifugo kasema mafua hayo huwapata na watu, wote wawili watengwe.

Mkienda kulisha, vaeni glovu na barakoa, kisha mnawe kwa sabuni. Baba mtandikieni chumba cha uani, peke yake.

Shangazi zenu wakija, wakaribisheni ~~sebuleni~~ getini tu. Roho inaniuma, nyumba isiyo na wageni mimi siiwezi! Wakiuliza kaka yao kaambukizwa na nani, semeni hamjui. Hiyo ya kulala naye nitawapa mwenyewe kwa simu.

Mama yenu,
mke mwenza wa nguruwe