Hakuna Mtu Juu ya Boneti

Baba Tumaini,

Shamba la juu tumelima. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama mimi ni mzima.

Tangu kifua kilipokuchukua, trekta lako kubwa halikuwaka tena. Tumeliuza, mimi na mdogo wako Gaudensi, tukanunua dogo lililotumika kule Makambako. Plau ni ile ile yako ya diski tatu. Unaijua ilivyo nzito.

Kuifunga kulitutoa jasho na baridi yote hii ya Njombe. Pini zake nyembamba, matundu ya mikono ya trekta mapana, kila kitu kinacheza. Gaudensi akataka kuzungushia vipande vya tyubu na kuzuia kwa misumari, kama ulivyozoea wewe. Nikasema sitaki. Fundi akachonga bushi za chuma, vipete vya kujaza yale matundu. Plau tukaiweka sehemu tambarare, juu ya magogo, ikatulia. Gaudensi akarudi nyuma taratibu, mimi nimesimama pembeni. Hakuna kuingia katikati mpaka injini izimwe. Ikakaa sawasawa.

Kisha akaiinua. Weee! Magurudumu ya mbele yakawa mepesi, anazungusha usukani trekta haliitikii. Na hapo hatujafika mlimani. Akacheka: "Shemeji, panda boneti kama enzi za kaka."

Nusura nipande. Mguu ulishakanyaga bampa. Miaka yote ile plau ilipolivuta trekta nyuma, mimi ndiye nilikuwa uzito wako wa mbele, khanga nimeikaza, ukungu usoni, nawe huko nyuma unapiga mluzi. Nilipapenda pale. Ulikuwa ukinitania, "Kula ugali, mama, mlima unakuja."

Lakini nikakumbuka kile kisiki. Trekta liliruka, nikapona kwa kushika taa. Ukazima injini, ukasema, "Leo ningekuua." Kesho yake ukanipandisha tena, kwa kuwa shamba lilikuwa halijaisha. Sikuwahi kukwambia kwamba jambo hilo liliniuma. Liliniuma sana, Baba Tumaini.

Nikashusha mguu. Plau tukaifungua, tukarudi kwa fundi. Akatoa diski moja, akafunga vyuma vya uzito mbele ya trekta. Sasa majirani wanaiita plau kibogoyo. Wacheke tu. Inalima polepole, lakini tumemaliza kabla ya mvua.

Siku ya kwanza trekta lilipopanda mlima nilisimama kando ya shamba nikiangalia. Magurudumu yote yameshika udongo, boneti haina mtu. Nililia mpaka Gaudensi akasimamisha, akidhani nimeumia.

Basi pumzika, mume wangu. Nakuahidi, pale mbele hatakaa mtu tena, si Tumaini, si mwanawe, hata shamba lichelewe vipi.

Ugali nakula vizuri. Mlima napanda kwa miguu.

Mama Tumaini