Foniksi ya Baba Yenu Ina Mwendeshaji

Gideon na Mackrine,

Tangu siku ile ya Agosti tulipomzika baba yenu, baiskeli yake ya Foniksi haijatoka stoo. Leo Mwaka Mpya, wenzake wa baiskeli za zamani wanakutana kule Ndama kutaja maazimio yao. Asubuhi Mzee Gaudiosus alipita hapa: "Mama Gideon, asiyeleta baiskeli leo, jina lake tunalifuta kwenye orodha, hata la marehemu." Nawe Gideon ukacheka, "Mama, mpe tu chuma chakavu hicho. Nani wa kukiendesha?"

Mackrine, ndizi nimeshamenya, bandika. Maharage yatie chumvi. Mbuzi asifike kwenye mibuni.

Gideon, suruali yako ya harusi nimeivaa ndani ya kitenge. ~~Nitaisukuma tu hiyo baiskeli.~~ Nitaipanda. Baba yenu alinifundisha kwenye uwanja wa kanisa, ninyi mkiwa shuleni. Kila mwaka aliazimia kutopanda bodaboda hadi Desemba, na kila mwaka alishindwa kabla ya Pasaka, marehemu wangu yule! Azimio hilo nalichukua mimi. Usinifuate na pikipiki yako, utanitia aibu mbele ya wazee.

Kuanzia leo, sokoni naenda kwa Foniksi.

Mama yenu