Kitabu Kilichofungiwa Karanga

Jumatatu, 4 Juni 1973
Nimefungua kibanda mapema. Vitabu nimepanga kwa unene, kama siku zote. Vinene mbele. Kariakoo nzima hakuna anayevijua vitabu vya mitumba kunizidi. Mimi nimepika melini, nimefika Adeni na Bombay. Shule niliacha darasa la nne, lakini hiyo siri yangu.

Kaja Aikande, binti wa yule Mchaga anayeuza unga wa jumla. Shirika moja la umma linatafuta vijana wa kuiandikia kompyuta maagizo. Mtihani Jumatatu ijayo. Akifeli, baba yake anamrudisha dukani kupima unga. Vya kompyuta nilikuwa navyo viwili. Nikampa kinene. Elimu ina uzito wake, mwanangu. Chembamba nikampa Bi Mwajuma, muuza karanga jirani yangu, akifanye vifuko vya kufungia.

Jumatano, 6 Juni
Aikande karudi. Macho mekundu. Kinene ni cha mafundi: kusafisha mashine, kubadili nyaya. Mwalimu wake wa jioni kasema kinachotakiwa ni kile chembamba, chenye mazoezi. Akaniuliza: kiko wapi, Mzee Sudi? Nikamwambia kiko stoo.

Sina stoo. Mwongo mkubwa mimi.

Alhamisi, 7 Juni
Nimekwenda kwa Bi Mwajuma. Kitabu kimeshachanwa, vifuko vimeshajazwa. Nikanunua karanga zote, nipate kurasa.

"Mzee Sudi, leo umeoa au umefiwa?"

"Vyote viwili, Bi Mwajuma. Wewe mimina tu."

Karanga nimewagawia wapagazi. Na mimi nimekula mpaka tumbo limegoma. Kifuko kimoja kilikuwa kimeshauzwa, nimekifuata hadi kwa fundi cherehani. Akaniuliza kama ndani mna hirizi.

Ijumaa, 8 Juni
Kurasa nimezishona kwa sindano ya magunia. Nne hazipo. Nimemwambia Aikande ukweli wote. Niliona aibu kama mtoto.

Hakufoka. Kasema atazitafuta hizo nne kwa kusoma za kabla na za baada. Kasema pia mashine haikisii. Ukiruka hatua moja, inasimama, inakungoja. Nikatikisa kichwa kama profesa.

Nimewaza siku nzima. Mimi hukisia. Kitabu nilikipima kwa mkono, kama kipande cha nyama.

Jumatatu, 11 Juni
Mtihani. Sijauza kitu. Nimetembea hadi Feri, nikarudi bila samaki. 

Jumamosi, 23 Juni
Aikande kachukuliwa kazini. Baba yake kapita na mfuko wa unga, kanishika mkono kwa nguvu.

Jioni Aikande kaniletea karatasi: vitabu vya kusomwa na wanafunzi watakaokuja, kwanza hiki, kisha hiki. Kile chembamba kakirudisha, kiwe cha kuazimwa. Kinaongoza orodha. Pembeni kaandika: "Kipo kwa Mzee Sudi. Kina mafuta ya karanga. Kurasa nne utafute mwenyewe."

Nimeibandika mlangoni. Vinene nimevirudisha nyuma. Kuna rundo la vitabu vya kumpelekea Bi Mwajuma. Nimekaa chini, nafungua kimoja kimoja, nasoma kwanza kilichomo.