Mtoto wa Kwenye Picha ya Venisi

Jumamosi, 7 Machi 1998
Jumba la picha tena, na Mama. Treni ya kutoka Harrow kuingia London imejaa. Kiti chake cha magurudumu kimekanyaga miguu ya watu, nimeomba radhi mpaka midomo imekauka. Lakini kule ni bure, na kuna joto.

Ni picha ile ile tu anayoitaka. Mji wa Venisi, imechorwa karne ya kumi na tisa. Maji pahala pa barabara, jua linazama, taa ya kwanza dirishani. Kwenye ngazi, karibu na maji, mtoto peke yake. Mama haoni kingine. Magharibi hii, auliza, mtoto yuko nje, mamake yuko wapi? Kwetu Unguja saa hizo watoto wote huitwa ndani. Nimemwambia ni rangi tu. Kaninunia mpaka nyumbani.

Jumamosi, 14 Machi
Leo Mama kampa jina yule mtoto wa pichani. Seif.

Seif ni kaka yangu. Tulipoondoka Unguja aliachwa kwa bibi, ana miaka mitano. Atafuata, wakasema. Mama hajamtia machoni tangu hapo, miaka thelathini na zaidi. Mara mbili Seif kanyimwa viza; ombi la tatu bado hatujajibiwa. Na Mama anazidi kusahau. Juzi kaniita kwa jina la shangazi.

Nataka Seif afike wakati Mama bado atamjua. Hilo tu.

Alhamisi, 26 Machi
Viza imetoka! Nilipiga kelele kazini, msimamizi akadhani mgonjwa kaanguka. Mama nimemwambia mara kadhaa, kila mara analia upya kwa furaha. Kisha akauliza tumnunulie viatu saizi gani, miguu ya watoto haikawii kukua. Sikupenda swali hilo.

Alhamisi, 9 Aprili
Kafika. Kipara, mvi ndevuni, halua mkononi. Mama kamkaribisha vizuri sana. Kama mgeni. Kamuuliza ni mtoto wa nani. Seif akataja jina la marehemu baba. Mama akasema anamfahamu, mtu mwema.

Seif kaingia kuoga, hakutoka mpaka chakula kikapoa. Nina hasira. Na waliotunyima viza, na Mama pia. Kisha naona haya.

Jumamosi, 11 Aprili
Mimi sikutaka kwenda jumba la picha. Seif ndiye aliyeng'ang'ania.

Mbele ya picha Mama akamshika mkono. "Baba, we mwanamme, sauti yako yafika mbali. Hebu niitie yule mtoto aingie ndani. Aitwa Seif."

Nilitaka kumzuia. Kaka yangu akavuta pumzi, akaliita jina lake mwenyewe, ukumbi mzima ukageuka. Seif! Njoo ndani, magharibi hii! Mlinzi akaja mbio. Mama alitega sikio, kisha akashusha mabega.

"Haya. Keshaingia."

Hapo Seif akalia, nami nikamwomba mlinzi radhi.

Jumatatu, 4 Mei
Seif karudi Unguja Alhamisi. Mama hataji tena picha wala mtoto. Jumamosi tulishinda nyumbani.

Leo kakataa chai. Kutwa macho mlangoni. Anamtaka yule bwana aliyekuwa akimkata kucha. Jina halijui. Kaenda wapi, na mbona hakuaga? Nimwambie arudi, keshamzoea, ana hamu naye.