Mkandarasi Alikuwa Jikoni

Jumatatu, 12 Mei

Chai, vitumbua viwili, magazeti matano. Ndiyo kazi ya afisa habari asubuhi: kusoma kila kilichoandikwa kuhusu manispaa, kukata, kubandika kwenye faili la Mkurugenzi. Leo nimekata ukurasa wa mbele. "Kikundi kisichoonekana chapewa zabuni." Chini yake picha niliyopiga mwenyewe, siku ya kusaini mkataba wa kutandaza vitofali kwenye uwanja wa zahanati ya Mkorosho Mmoja. Wanaume saba wenye suti wanapeana mikono wao kwa wao. Gazeti linauliza: mkandarasi yuko wapi?

Swali la haki. Mkandarasi alikuwa jikoni.

Jumanne, 13 Mei

Mkandarasi ni Mama Nangonga na wenzake kumi na mmoja. Wanafyatua vitofali vya pevingi nyuma ya nyumba yake. Zabuni waliishinda kihalali, kwenye fungu la vikundi vya wanawake. Siku ile wakaweka saini zao asubuhi, haraka haraka, wakakimbilia masufuria kwa sababu wageni wanakuja. Waheshimiwa walipofika nikawapanga, nikapiga picha. Hakuna aliyeuliza wenye kazi wako wapi. Hata mimi. Kisha tukala pilau lao, na mimi nikaongeza sahani.

Nimeona aibu mchana kutwa. Mkurugenzi kasimamisha kazi. Ijumaa tukutane na waandishi, na wasiporidhika, mkataba unafutwa.

Jumatano, 14 Mei

Nimeandika taarifa ya kukanusha. "Manispaa inapenda kuufahamisha umma kwamba taratibu zote zilizingatiwa." Kurasa tatu. Nimeisoma kwa sauti, nikapiga miayo mwenyewe.

Jioni nimekwenda kwa Mama Nangonga kuomba radhi. Vitofali vimepangwa mpaka mlangoni, vimefunikwa turubai. Kaitikia shikamoo yangu, kasoma gazeti, kacheka mpaka khanga ikamdondoka.

"Kwa hiyo sie hatuonekani? Mie na mwili wote huu?"

Kisha akatazama vitofali. Akauliza kama kweli watanyang'anywa kazi. Nimemwomba waje Ijumaa saa nne. Nimemwomba pia wasipike.

Ijumaa, 16 Mei

Sijawahi kufurahi hivi kazini!

Saa nne, hawapo. Saa nne na nusu, hawapo. Nilitokwa jasho mpaka kwenye soksi. Mkurugenzi akaanza kusoma kurasa zangu tatu, waandishi wakatoa simu zao. Alipofika aya ya pili mlango ukafunguliwa. Kina mama kumi na wawili, vitenge sare, mabuti ya mvua, kila mmoja na kitofali kichwani. Wakavipanga mezani, juu ya taarifa yangu.

Mwandishi wa habari ile, binti mmoja makini sana, akauliza mchanganyiko wao ukoje. Wakajibu wote kwa mpigo: mchanga, kokoto, saruji, kisha wakaanza kubishana kuhusu siku za kumwagilia maji. Walibishana kweli, wakasahau kamera. Yule binti akacheka, akaandika. Mkurugenzi akaweka taarifa pembeni, akawapa waandishi mkataba wenyewe wausome, saini kumi na mbili. Akakiri kuwa picha ilikuwa kosa letu. Nikanyoosha mkono nikasema ni langu.

"Sasa mwanangu," Mama Nangonga akamwambia yule binti, "ungetuulizia jikoni ungetupata."

Kazi inaendelea Jumatatu. Nimeimba njia nzima mpaka Gongo la Mboto.

Jumamosi, 31 Mei

Uwanja umekamilika. Kina mama wajawazito wanapita bila kukanyaga tope.

Nimepiga picha nyingine. Kina mama kumi na wawili mbele, Mkurugenzi kwa nyuma, kaonekana sikio na bega. Mama Nangonga alitaka kukimbilia jikoni mara mbili, nikamzuia mara mbili.

Pilau liliungua chini. Tumelila lote.