Usimfinye Tena

Kaka,

Nimeitwa kazini wakati umeenda duka la dawa. Mama yuko na binti yako chumbani. Mkono aliopasuliwa ubaki kwenye kombeo, mbali na chupa ya chai, maana hata ukiungua hatasikia. Dawa ya maumivu mpe saa tisa, kabla ganzi haijaisha. Vidole vikibadilika rangi, nipigie.

Na usimfinye tena! Asubuhi ulimfinya mkono huo, akakutazama tu, ukapiga kelele wodi nzima: "Mmeniulia mkono wa mwanangu!" Wenzangu wakanigeukia. ~~Umeniaibisha.~~ Najua uliogopa. Nilishindwa kukwambia pale kwamba tulitia ganzi mishipa ya fahamu ya mkono ule peke yake, ili akizinduka asikute maumivu.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani aliniuliza, "Shangazi, mkono ukiamka nitajuaje?" Nikamwambia vidole vitaanza kumwashawasha, nami nitakuwa pembeni yake. Sasa sitakuwepo. Tafadhali kaa naye wewe, umshike vidole taratibu, usimwache hata kidogo.

Akikufinya yeye, ujue mkono umeamka.

Mdogo wako,
shangazi mtu